Kutengeneza makala ya redio kuhusu kero za mtaa, Mombasa

"Maji hakuna" si makala. Ni malalamiko, na msikilizaji wa Kisauni au Likoni anayajua kuliko wewe. Makala huanza malalamiko yanapogeuka swali lenye mahali, siku na mtu wa kuulizwa: mbona mfereji wa mtaa huu hutoa maji usiku wa Jumatano peke yake, na mtaa wa ng'ambo ya barabara unapata karibu kila siku? Swali kama hilo dakika nne zinalitosha. "Tatizo la maji Mombasa" halienei hata katika saa nzima, ndiyo maana taarifa nyingi za aina hiyo huishia kwa mwananchi mmoja kulia, mwakilishi wadi mmoja kuahidi, kisha muziki.

Maelekezo haya ni ya ripota wa stesheni ya jamii au ya umma anayefanya kila kitu mwenyewe: kupanga, kurekodi, kukata na kusoma. Tenga siku mbili tatu za kazi kwa makala ya dakika nne, bila kuhesabu siku za kungoja ofisi ijibu.

Kwanza jua ni kazi ya nani

Makala nyingi huharibikia hapa, kabla kinasa sauti hakijawashwa. Ripota anamwuliza mwakilishi wadi kuhusu darasa la shule ya msingi lililoezuliwa paa na upepo, naye anajibu kwamba shule hiyo si ya kaunti. Yuko sahihi, na mahojiano yamekwisha. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 na uwe nalo kwenye simu. Kaunti ina maji na usafi, taka, masoko, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea na barabara za kaunti. Serikali kuu ina shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu.

Barabara ndizo zinazochanganya zaidi. Ile ya kwenda Nairobi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, kadhaa za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na nyingi za ndani mitaani ni za kaunti. Shimo halina jina la mwenyewe, kwa hivyo tafuta ubao wa mradi: huandikwa mwenye mradi, mkandarasi na mara nyingi muda wa kazi. Upige picha siku ya kwanza, maana mbao hizo zina tabia ya kutoweka.

Kwa maji, fuata bomba. Mombasa haina chanzo chake kikubwa. Maji ya bomba hutoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, na Marere na Tiwi kule Kwale. Shirika la Coast Water Works Development Agency huuza kwa jumla, MOWASSCO, kampuni ya maji ya Mombasa, husambaza na kutoza bili, na WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, huidhinisha bei. Maji ya Mzima huja yenyewe kwa mteremko. Ya Baricho husukumwa na pampu za umeme. Hilo lina maana kwa maswali yako. Mitaa mingi ikikauka kwa pamoja umeme unapokatika Baricho, wa kuulizwa kwanza ni muuzaji wa jumla. Mtaa mmoja ukikauka huku wa jirani una maji siku hiyo hiyo, shida iko karibu: vali, ratiba ya mgao, bomba lililopasuka au watu waliojiunganishia. Hapo ni mlango wa msambazaji.

Kisha piga hesabu. Mwenye mkokoteni huuza kwa mtungi wa lita 20, na bili huhesabiwa kwa uniti, ambayo ni lita 1,000. Mitungi 50 ni uniti moja. Tuseme mtungi ni shilingi 20: uniti ya mkokoteni imekuwa shilingi 1,000. Omba bili ya jirani mwenye mita, uangalie anatozwa kiasi gani kwa uniti hiyo hiyo. Ulinganisho huo, kwa bei halisi za mtaa wako, una nguvu kuliko wahojiwa kumi wenye hasira. Bei usikadirie. Waulize wachuuzi watatu siku moja, mtaa mmoja, na uandike zote tatu hata kama hazifanani.

Barua itangulie

Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iliyojengwa juu ya Kifungu cha 35 cha Katiba, inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi. Ofisi inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kwa hivyo barua huandikwa siku unayopata wazo, wala si siku unayokwama.

Omba waraka unaotajika: "ratiba ya mgao wa maji ya wadi hii kwa miezi mitatu iliyopita", "nakala ya mkataba wa kuzoa taka wa soko hili". Ukiomba "habari zote kuhusu maji" utapewa kipeperushi. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Muhuri huo una kazi mbili: kumthibitishia Ombudsman tarehe, na kukuruhusu kusema hewani kwamba ofisi iliulizwa tarehe fulani na haikujibu.

Pale wakazi wanaposema kitu fulani kinawafanya waugue, karatasi ni lazima. Kesi ya mtaa wa Owino Uhuru, ya sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, haikusimama kwa ushuhuda wa wakazi peke yake. Kulikuwa na vipimo vya damu na vya udongo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Bila vipimo, lugha yako ni "wakazi wanahofia", na unamtafuta daktari aeleze ni vipimo gani vingehitajika.

Vifaa, na hewa ya bahari

Kinasa sauti cha mkononi au simu nzuri. Maikrofoni ya waya. Hedifoni zinazofunika masikio. Sifongo na manyoya ya kuzuia upepo. Betri za akiba. Memori kadi mbili. Kama pesa inatosha kitu kimoja cha maana, nunua maikrofoni ya dainamiki inayopokea sauti pande zote. Haisumbuliwi sana na mshiko wa mkono wala upepo, na mhojiwa akigeuza kichwa sauti haipotei.

Weka kinasa kwenye WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya stirio hula takriban gigabaiti moja. MP3 ni ya kutumia mwisho, si ya kurekodia, kwa sababu kila ukihifadhi upya sauti inapungua ubora. Sauti ya kawaida ya mhojiwa icheze kati ya desibeli -18 na -12. Ikigonga 0 imepasuka na hakuna programu ya kuirudisha ilivyokuwa. Zima mpangilio unaojipandishia sauti wenyewe: mtu akinyamaza kufikiri, kinasa hupandisha kelele za chumba, na ukikata hapo mkato unasikika. Ukitumia simu, zima mtandao wote kabla ya kurekodi. Simu ikiita katikati ya ushahidi, ushahidi umekwenda.

Chumvi ya hewani hula springi za betri, kwa hivyo toa betri ukirudi ofisini na uhifadhi vifaa kwenye mfuko wenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia jua la saa saba, maikrofoni huloa jasho. Ngoja robo saa kabla ya kuanza.

Kelele za Mombasa na dawa zake

Adui wa kwanza ni pangaboi. Masikio yameshalizoea, maikrofoni haijalizoea, na mzunguko wake husikika ukirukaruka kila unapokata. Omba lizimwe, na uombe mapema, maana ukiomba katikati ya joto mhojiwa atakupa majibu mafupi ili liwashwe. Friji nayo izimwe. Weka ufunguo wako wa nyumba juu yake ili usiondoke bila kuiwasha tena. Nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene na dari ndefu hurudisha mwangwi: kaeni chumba chenye godoro, mapazia na mazulia, karibu na pembe. Chini ya mabati mvua ikianza, simamisha. Mvua haikatiki kwa programu.

Azan ikianza, nyamazeni wote mpaka iishe. Ni adabu, na pia ni ufundi: maneno yenye azan nyuma hayakatiki, kwa sababu msikilizaji wa Mombasa anaijua azan kwa moyo na atasikia imerukwa. Muziki wa matatu una shida hiyo hiyo. Sogeeni hatua ishirini nyuma ya jengo, au ngojea gari liondoke stendi.

Upepo una majira. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na ya kusi ni kali zaidi ufuoni. Pale bustani ya Mama Ngina kando ya bahari au ufuo wa Nyali, simama mgongo wako ukiwa upande unaotoka upepo, maikrofoni ikingwe na mwili wako. Kivuko cha Likoni na maeneo ya bandari yana ulinzi. Omba ruhusa kwanza, la sivyo mchana wako utaishia kwenye kibanda cha askari ukieleza manyoya hayo ni ya nini.

Popote ulipo, baada ya mahojiano rekodi dakika moja ya ukimya wa mahali pale. Waambie waliopo, "tunyamaze dakika moja nirekodi chumba." Watacheka. Dakika hiyo ndiyo utakayotandika chini ya mikato yako yote.

Mahojiano

Piga hodi, salimia sawasawa, kaa ukikaribishwa. Mzee hapelekewi maikrofoni kabla ya shikamoo na habari za nyumbani. Jitambulishe jina na stesheni, eleza makala inahusu nini na itatoka lini, kisha washa na uombe idhini huku unarekodi: "Mama, unakubali nikurekodi na sauti yako itoke redioni?" Hiyo ibaki kwenye faili. Ataje jina na shughuli yake kwa kinywa chake mwenyewe ili usiharibu matamshi. Kwa simu, sema unarekodi kabla ya swali la kwanza.

Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, chini kidogo na pembeni ya kidevu, ili "p" na "b" zisipige kama ngumi. Ishike wewe. Mwanasiasa akiichukua hairudi, na utakuwa umepoteza uwezo wa kumkatiza. Vaa hedifoni muda wote hata kama unaona aibu. Waya mbovu hauonekani kwa macho.

Uliza kitendo, kisha maoni. "Unaonaje hali ya maji?" huleta hotuba. "Nieleze jana, kuanzia ulipoamka mpaka ukapata maji" huleta mtungi, foleni, mtoto aliyechelewa shule na bei. Akimaliza usirukie swali jingine. Hesabu kimoyomoyo mpaka tatu. Mara nyingi sentensi nzuri huja hapo. Usiitikie "mmh" wala "eeh", tikisa kichwa tu, kwa kuwa kila "eeh" yako itakaa juu ya neno unalolitaka. Akijirudia kwa urefu, mwombe: "Nisemee hilo tena kwa ufupi, kama unamwambia jirani aliyekuwa safarini." Kimvita chake kiache kilivyo. Anayezungumza Kidigo au Kigiriama bora kuliko Kiswahili, mwache azungumze. Utamsikizisha sekunde nne tano, kisha umshushe na usome tafsiri juu yake.

Kwa afisa, nenda na namba na tarehe. "Mna mpango gani?" ni zawadi kwake. "Ratiba yenu inasema mtaa huu ni siku tatu kwa wiki, wakazi watano wametuambia ni usiku mmoja, ipi ni kweli?" inamfunga kwenye jambo. Swali likikwepwa, liulize tena kwa maneno yale yale. Ofisi usiziendee Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana.

Mhojiwa halipwi, na bahasha ya ofisi haipokelewi. Soda ya kukaribishwa nyumbani kwa watu inanyweka.

Kuandika na kukata

Nakili faili mahali pawili kabla ya kufungua programu yoyote. Zisikilize zote ukiandika dakika na maneno ya mwanzo ya kila sehemu nzuri. Kazi hii inachosha, na wanaoiruka hujulikana: makala yao huwa na vipande vya dakika za mwanzo tu.

Dakika nne hugawika hivi: vipande vitano vya wastani wa sekunde 20 ni sekunde 100; sauti za mahali zikiwa peke yake, sekunde 20; kwako zimebaki dakika mbili, yaani maneno kama 220 hadi 240 kwa mwendo wa kawaida wa Kiswahili. Jipime kwa saa, kwa sauti, umesimama. Sentensi inayokukata pumzi ivunje.

Huu ni mwanzo wa kubuni wa makala ya mfereji:

MTANGAZAJI: Mtaa mmoja wa Kisauni hupata maji usiku mmoja kwa wiki. Ng'ambo ya barabara, majirani hufungua mfereji karibu kila siku. Ripota wetu alifuata bomba.

SAUTI: Maji yakiingia mtungini, sekunde 5, kisha yashuke chini ya maneno.

RIPOTA: Saa nane usiku. Foleni imefika duka la kona. Wa tatu kutoka mbele ameweka jiwe badala ya mtungi. Mtungi ameuacha nyumbani, una maji ya kunywa ya wanawe.

MAMA, sekunde 18: Kipande kinachoanzia "Jiwe likiibwa, nimekosa wiki nzima…"

Angalia yasiyofanyika hapo. Mtangazaji hasemi atakayosema ripota. Ripota hasemi "wakazi wamelalamika vikali", wala hatangulizi maneno ya mama, anamwachia jiwe. Kosa la kila wiki katika vyumba vya habari ni "anasema maji hayapatikani", kisha sauti inasema "maji hayapatikani". Utangulizi wa kipande umtambulishe msemaji na uache pengo dogo ambalo kipande kitaliziba. Namba zisizidi mbili katika aya moja, na uzisome kama watu wanavyozisema sokoni.

Sauti za mahali zikusanye kwa karibu na kwa mbali: mfereji sentimita thelathini kutoka bombani, kisha foleni yote ukiwa umesimama pembeni. Rekodi kila moja dakika moja bila kusogeza mkono. Sauti ya soko la Marikiti usiitumie kwa soko la Kongowea, wenyewe wataisikia.

Audacity, programu ya kukata sauti, ni ya bure na inatosha. Kata mwanzoni mwa pumzi, usiigawe pumzi nusu. Chuja mvumo ulio chini ya hezi 80 kwenye sauti za watu. Kila mkato uwe na ukimya wa chumba kile kile chini yake. Usiunganishe jibu la swali moja na swali jingine, hata kama linaingia vizuri. Mwisho, pima ukubwa wa sauti: kipimo cha matangazo cha Ulaya ni LUFS -23, na stesheni nyingine zina chao, kwa hivyo mwulize fundi wenu. Kisha sikiliza makala yote kwa simu, bila hedifoni, jikoni kukiwa na kelele. Ndivyo itakavyosikilizwa.

Faili ya kutuma kwa WhatsApp itumwe kama waraka. Ukiituma kama ujumbe wa sauti itafika imebanwa na kuvumavuma.

Upande wa pili, na kuwalinda watu

Anayelaumiwa aambiwe lawama yenyewe kwa maneno kamili, apewe muda unaofaa, na jibu lake liingie ndani ya makala, wala si sekunde tatu za mwisho. Hilo limo katika kanuni za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari, na ndilo litakalokuokoa barua ya wakili ikifika.

Kwa makala za madawa ya kulevya, magenge ya vijana au dhuluma za nyumbani, kuficha jina hakutoshi. Mtaa ni mdogo. Kazi yake, kona anayokaa, shule ya mwanawe na hata kicheko chake humtambulisha. Sauti iliyofanywa nzito kwa programu inaweza kurudishwa na mtu mwenye programu kama yako. Salama zaidi ni mwenzako kusoma maneno yake, na utamke hewani kwamba yamesomwa na mtu mwingine. Faili ya asili isipewe jina lake na isikae kwenye kompyuta ya pamoja. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na hata ikiwepo, mhariri aulize kama sauti ya mtoto ina lazima.

Baada ya kutoka hewani

Peleka makala kwa wahojiwa kwenye simu zao siku hiyo hiyo. Hifadhi faili zote, zilizotumika na zisizotumika, kwa jina linaloanza na tarehe, mtaa na mada: 2025-03-12_kisauni_maji. Afisa akiahidi tarehe, iandike kwenye kalenda ya chumba cha habari pamoja na dakika na sekunde ya ahadi ndani ya faili, ili anayeshika zamu siku hiyo aipate bila kukutafuta.

Kukiwa na kosa, marekebisho yasomwe katika kipindi kile kile, saa ile ile: kilichosemwa, kilicho sahihi, basi. Kama makala iko mtandaoni, badilisha faili na uandike chini yake tarehe ya mabadiliko.